Pesa za Macho ya Mama

3 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, Mama naye mzima, na yule kuku wake mkorofi bado anataga chini ya kitanda. Mimi sijambo. Nimepata kazi katika karakana ya makochi. Bosi wetu ni mama mmoja mnene tunayemwita Mama Sponji, naye analijua jina hilo na anatuachia tu. Nimepewa kazi ya kuvua vitambaa vya zamani. Huwezi kuamini vitu ambavyo watu huangusha ndani ya makochi yao: funguo, vijiko, meno ya bandia. Wiki iliyopita tulikuta pete ya ndoa, na mwenye kochi alipopigiwa simu akasema tukae nayo.

Najua simu zangu hupokei, na sikulaumu. Sasa hata simu yenyewe sina. Niliiuza, kwa sababu ilikuwa ndiyo duka langu la kubeti, na lilinifuata mpaka chooni.

Kilichonifanya nichukue kalamu ni hiki. Kila Alhamisi baada ya kazi nakwenda kwenye kikundi. Tunakutana katika chumba cha nyuma cha zahanati, viti vya plastiki vimepangwa duara, na feni inayolia kama mtu mwenye kwikwi. Wote waliomo ni watu kama mimi. Mshauri ni dada mpole ambaye haandiki chochote, anasikiliza tu. Ametutaka kila mmoja amtafute ndugu mmoja wa kumwambia ukweli. Wewe ukweli unaujua tayari, kwa hiyo unaona nimechagua njia rahisi.

Lile jambo lenyewe siliandiki hapa. Najua barua utamsomea Mama.

Msalimie sana.

Kaka yako


1 Machi

Kaka,

Shikamoo. Barua imefika, ingawa ilikaa siku nyingi kwenye ofisi ya mabasi kwa sababu karani aliiweka chini ya chupa yake ya chai. Sisi tu wazima. Kuku hatagi tena chini ya kitanda, siku hizi anataga ndani ya kiatu changu cha kazini. Kazini nimetolewa kwenye kukanda unga nikawekwa kwenye tanuri, mshahara umeongezeka kidogo na nyusi zangu zimepungua kidogo.

Mama nimemsomea barua yako. Alicheka mpaka akakohoa kwenye habari ya meno ya bandia. Akauliza kama umepata mchumba huko. Habari za kikundi niliziruka.

Umeandika “lile jambo”. Lina jina lake, Kaka, na kama wewe huwezi kuliandika nitaliandika mimi. Zilikuwa pesa za macho ya Mama. Tulichanga wote wawili, tukakupa wewe uzishike kwa sababu ndiye mkubwa, ukazimaliza zote kwa kubeti mpira. Mama alikuwa ameshaoga, amevaa, ameketi mlangoni akisubiri aende hospitali. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba daktari amesafiri kwenda kusoma. Hadi leo yuko masomoni. Masomo yake yanazidi kurefuka.

Sasa Mama anaona vivuli tu. Akimimina chai, anatumbukiza kidole kikombeni ajue imefika wapi. Nimemkataza, hasikii.

Sina la zaidi.

Mdogo wako


30 Machi

Mdogo wangu,

Nakusalimu wewe na Mama. Huku mvua imetukamata vibaya, sponji hazikauki, na karakana nzima inanuka kama mbwa aliyelowa. Mchumba sina. Mwambie Mama kwamba wasichana wa huku wakiona vidole vyangu vilivyochomwa na misumari wanadhani ninafuga paka.

Barua yako niliikunja nikaenda nayo kikundini. Nikasimama nikasema: pesa za macho ya mama yangu. Nilidhani watashtuka. Hakuna aliyeshtuka, na hilo ndilo lililonitoa machozi.

Nikuambie kuhusu wenzangu kidogo. Yupo mmoja tunamwita Mwalimu wa Hesabu, na kweli anafundisha hesabu. Alikuwa na daftari zima la mahesabu ya namna ya kuishinda kampuni ya kubeti. Akatueleza mahesabu hayo, nasi kwa muda tukayafuata kwa makini kabisa, vichwa vimeinama mbele, mpaka mshauri akakohoa. Ndipo tukagundua tulichokuwa tunafanya, tukacheka wote. Yeye alicheka zaidi yetu. Kisha akasema mke wake amehamia kwa dada yake, na kwamba jioni anapika wali wa watu wanne kwa mazoea, anakula peke yake.

Yupo pia Mama Mayai, muuza mayai. Yeye alikuwa akicheza zile mashine za sarafu. Anasema kule kwenye mashine hakuna aliyemuuliza bei.

Mshauri aliuliza kila mmoja wetu alikuwa anatafuta nini. Wengi walisema pesa. Mimi pia nilianza kusema pesa, halafu nikanyamaza, maana haikuwa kweli. Nilikuwa naitafuta ile dakika kabla matokeo hayajatoka. Katika dakika ile sikuwa mtoto mkubwa wa mtu. Hakukuwa na paa linalovuja wala ada ya mtu wala macho ya mtu. Sisemi hivi ili nijitetee. Nakuambia tu ilivyokuwa.

Mshauri anasema yapo makundi ya ndugu pia, ya wanaoishi na watu kama sisi. Hata huko kwenu lipo moja. Sijui kama ninayo haki ya kukuomba. Nakuomba.

Kaka yako


11 Mei

Kaka,

Shikamoo. Usishangae ukimya, nilikuwa na hasira na kalamu ikawa nzito. Eti niende mimi kwenye kikundi. Wewe uharibu, mimi ndiye nikatibiwe. Niliipika hasira hiyo wiki nyingi pamoja na mikate.

Mama hajambo ila aligonga goti kwenye meza, limevimba kidogo. Meza ilikuwa pale pale ilipo miaka yote.

Basi nilikwenda. Wanakutana kwenye darasa la shule ya watoto, saa za jioni, na viti ni vidogo hivyo, watu wazima tumekaa magoti yanagusa videvu. Zamu yangu ilipofika nikasema nimekuja kwa ajili ya jirani yangu, ana shida ya kamari, nami namhurumia. Hakuna aliyenibishia. Yupo mzee mmoja fundi bomba aliyekaa karibu yangu. Akanigeukia taratibu akasema, “Mimi mwezi wa kwanza wote nilikuja kwa ajili ya shemeji yangu. Sina shemeji.”

Nilicheka, Kaka, halafu nikaanza kulia, na kulia kwenyewe kukakataa kukoma. Ikabidi niazimwe leso na mama ambaye hata simjui. Fundi bomba anakuja kwa sababu ya mke wake. Alisema miaka mingi alikuwa akiwadanganya watu wanaomdai mke wake, akiwadanganya watoto, akimdanganya mpaka mchungaji, na siku moja akagundua kwamba yeye ndiye anayedanganya zaidi ya mke wake, na hajawahi hata kucheza kamari.

Nimerudi mara kadhaa. Wananiambia nisikufichie tena. Wanasema kukufichia si kukusaidia. Nami nawajibu kwamba sikufichii wewe, namkinga Mama. Wananitazama tu.

Sasa sikia hili. Nimeanza tena kuweka akiba ya hospitali, na Mama amejua, sijui amejuaje. Anataka pesa nikutumie wewe uzishike, kwa sababu wewe ndiye mkubwa na mambo ya nyumba hii yapitie kwako. Nilimwambia uko mbali. Akaniuliza kama tumegombana. Nikamwambia hapana. Hiyo ni nyingine tena nimeongeza juu ya zile za zamani.

Mdogo wako


2 Juni

Mdogo wangu,

Salamu sana. Pole kwa goti la Mama, mpake mafuta ya moto. Huku kazi zimetukaba koo. Hoteli moja imeleta makochi yote ya ukumbini, Mama Sponji ametupa kitambaa cha kijani ambacho kinateleza kama samaki, kukikata ni vita. Nimejifunza kushona kingo kwa uzi wa nta. Bosi amenisifu mbele ya watu. Hewa ni nzuri, mvua zimekwisha, na mwenye nyumba wetu amepaka rangi ngazi, sasa kila mtu ana nyayo za bluu. Afya ni njema, chakula ni kizuri. Nimenenepa kidogo.

Mwambie Mama asiwe na wasiwasi wowote.

Kaka yako


10 Juni

Kaka,

Shikamoo.

Mama amefurahia ngazi za bluu. Nilimsomea barua yote neno kwa neno, kwa sababu haikuwa na kitu cha kuruka. Ndiyo maana nakuandikia leo leo kabla sijalala.

Kikundi kiko wapi?

Mdogo wako


8 Julai

Mdogo wangu,

Nakusalimu. Sitakuuliza habari za kuku leo.

Umenishika. Mwezi wa tano mwishoni hoteli ilitanguliza malipo, tukalipwa mshahara. Mwenzangu wa karakana aliniazima simu yake nimpigie muuza vitambaa. Nilimpigia, tukaongea, nikakata, na kidole changu kikaendelea chenyewe. Ulikuwa mshahara wangu wote, na sehemu yake nilikuwa nimepanga kukutumia. Nilishinda kwanza. Hilo ndilo baya kuliko yote, nilishinda, nikafurahi, nikaona sasa nitakuja nyumbani na pesa za hospitali mkononi na wewe utanyamaza. Kabla chai ya saa nne haijaletwa zilikuwa zimekwisha.

Alhamisi hiyo sikwenda kikundini, wala iliyofuata. Nikakuandikia ile barua ya makochi.

Barua yako fupi ilipofika nilikaa nayo. Alhamisi nikaenda. Nilisimama nje ya zahanati kama mwizi. Mwalimu wa Hesabu akafika amechelewa, ameshika baiskeli, akaniona. Alisema, “Nishikie baiskeli nifunge kamba ya kiatu.” Nikaishika. Alipomaliza kufunga akaingia ndani bila kuichukua, ikabidi niingie nayo. Nilikaa kwenye duara na baiskeli ya watu, nikawaeleza yote. Mama Mayai aliuliza, “Umekula leo?” Sikuwa nimekula. Kumbe wote wamewahi kurudi nyuma, wengine mara nyingi kuliko wanavyopenda kusema. Mshauri hakunipa pole wala hakunigombeza. Aliuliza kilichobaki kilichofichwa ni kipi. Nikasema, Mama.

Sasa naenda kila Alhamisi, na mshahara Mama Sponji ananishikia yeye. Nilimweleza. Alisema kwa muda mrefu alikuwa akijiuliza kwa nini kijana anayefanya kazi hivi hana hata viatu.

Ukurasa wa pili ni wa Mama. Ningekuja kumwambia kwa mdomo, lakini najijua, nikiketi mbele yake nitaanza kumchekesha, na akishacheka sitasema tena. Msomee usiruke kitu.

Kaka yako

*

Mama, shikamoo.

Daktari hakusafiri. Pesa za macho yako nilikuwa nazo mimi nikazichezea kamari mpaka zikaisha. Mdogo wangu alikuambia habari ya daktari ili usinichukie. Nina ugonjwa wa kamari, Mama, na ninautibu huku pamoja na watu wengine, ila bado haujanitoka. Mwezi wa tano nilicheza tena. Naomba usinipe pesa nikushikie. Naomba radhi yako, lakini sikuharakishi.

Mwanao wa kwanza


26 Julai

Kaka,

Shikamoo. Tu wazima wa mwili.

Nilimsomea Jumapili baada ya kula. Nilikuwa nimepanga nimsomee Jumamosi nikashindwa. Mikono ilikuwa inanitetemeka mpaka karatasi ikawa inapiga kelele, na Mama akasema, “Iweke mezani, usome ikiwa imelala.” Nikaiweka. Nikasoma yote.

Alikuwa akikunja kanga yake magotini, anaikunja, anaikunjua. Kisha akasema alijua kuna kitu, kwa sababu nikimsomea barua zako huwa navuta pumzi mahali ambapo wewe hujaweka nukta. Alikuwa akidhani umefungwa jela. Kila nikisoma habari za makochi, alikuwa akisema moyoni, kumbe wafungwa siku hizi wanafundishwa ufundi mzuri.

Nilitaka kucheka. Sikucheka, kwa sababu alinigeukia mimi, si wewe, akauliza, “Kwa hiyo daktari hakusafiri?”

Nikamwambia hakusafiri.

Akasema, “Yeye alichukua pesa. Wewe umeniacha mwaka mzima namwombea mtu arudi salama, na hakuwa ameenda popote.”

Kaka, alikuwa akimwombea kila siku. Mimi nilikuwa nikimsikia kutoka jikoni. Nilisikia akiomba ndege yake isipate shida, asiugue ugenini, afaulu mitihani yake. Nilimsikia nikaendelea kuosha vyombo.

Siku tatu hakusema nami isipokuwa maneno ya lazima. Nilikwenda kikundini nikawaambia. Fundi bomba alisema watoto wake walimnunia yeye kuliko mama yao, na kwamba hilo hupita, lakini si kwa kulisukuma. Sikulisukuma. Siku ya nne nilirudi kazini nikakuta amenipikia. Chumvi ilikuwa nyingi mno, labda aliweka mara mbili kwa kutoona, au labda alikusudia. Nilikula yote. Akaniuliza kikundi changu kinakutana siku gani, na kama viti ni vigumu.

Kuhusu wewe amesema mambo mawili. La kwanza, amekasirika na ataendelea kukasirika kwa muda, usimharakishe, kama ulivyosema mwenyewe. La pili, pesa nizishike mimi, na siku ya hospitali uje. Ameongeza kwamba uje kama ulivyo, usitafute pesa popote za kuja nazo.

Akiba inatosha jicho moja. La pili litasubiri. Wametupa siku mwanzoni mwa Septemba.

Njoo.

Mdogo wako


20 Septemba

Mdogo wangu,

Nakusalimu, na kwa Mama peleka salamu zake peke yake zisichanganywe na zako. Nimefika salama. Karakana nimeikuta imejaa viti vya sinema, na Mama Sponji amenipokea kwa kunipa mkasi kabla hata sijaweka mfuko chini.

Nyumbani hatukupata muda wa kuzungumza, majirani wanaingia, majirani wanatoka, kwa hiyo yaliyonibaki nayaandika.

Kwanza, lile la dirisha la malipo. Ulipoitwa kusaini, ukasimama na mkoba wa pesa, ukaniangalia, ukauangalia mkoba, ukaenda nao. Nilikuona jinsi ulivyoinamisha kichwa baadaye. Usiinamishe. Nilipokuwa njiani kwenye basi nilikuwa nikiomba usinipe. Siku ukiweza utanipa, na usipoweza tutaishi hivyo, mimi sitakununia.

La pili hukuliona, kwa sababu ulikuwa umekwenda kuchukua dawa. Muuguzi alikuja kumtoa Mama bandeji. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, ili kama ikishindikana nisiwe wa kwanza kuonekana. Muuguzi akamwambia afumbue polepole. Akafumbua. Akatazama mikono yake kwanza, mbele na nyuma. Akatazama shuka, akasema shuka za hospitali hii hazifuliwi vizuri. Muuguzi akacheka akatoka.

Ndipo akaniona. Akasema, “Sogea kwenye mwanga.”

Nikasogea mpaka dirishani. Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, Mdogo wangu, mzuri kabisa, kuhusu nyusi zako. Niliumeza. Akanitazama muda mrefu sana, kwa jicho lile moja jekundu linalotoka machozi, na sikujua kama ni dawa au ni mimi. Nilitaka kuangalia chini. Sikuangalia.

Akaniuliza, “Bado unataka kucheza?”

Kule kikundini swali kama hilo tunaulizana kila wiki, lakini halijawahi kunifika hivyo. Ningeweza kumwambia hapana. Angefurahi, na ilikuwa siku ya kufurahi.

Nikasema, “Ndiyo, Mama. Hata leo asubuhi.”

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ambayo alikuwa akiitarajia. Akapapasa pembeni ya kitanda, akanionyesha nikae. Nikakaa. Tukakaa hivyo yeye akinitazama mpaka ulipoingia na dawa.

Kaka yako